Dawa za sonona zikichanganywa na nyingine: Chanzo cha madhara na njia za kuyapunguza

MGONJWA wa sonona anayeishi Mji wa Kale, Mombasa, aweza kupata dawa kutoka mahali patatu kwa mwezi mmoja, na asiwepo hata mmoja kati ya wanaompa dawa hizo ajuaye wenzake wametoa nini.

Daktari wa akili humwona ng'ambo ya Makupa, katika Hospitali ya Port Reitz, ambayo kwa miaka mingi imejulikana Pwani kwa wodi yake ya wagonjwa wa akili. Kisukari chake hutibiwa kisiwani, katika Hospitali Kuu ya Pwani ambayo wenyeji wengi huiita Makadara. Maumivu ya mgongo nayo hutafutiwa kidonge katika duka la dawa lililo karibu, njiani kutoka Marikiti.

Huenda kila kidonge kilitolewa kwa nia njema na kwa kipimo sahihi. Taabu huanza vinapokutana mwilini.

Chukua mfano wa mama wa makamo, mkazi wa Kibokoni. Ni mfano wa kubuni, lakini si wa ajabu. Kwa sonona iliyofuatana na kusikia sauti, ameandikiwa fluoksetini pamoja na haloperidoli. Kwa miguu inayomwaka kama moto kwa sababu ya kisukari, kliniki nyingine imempa amitriptilini ya kumeza usiku. Kwa mgongo, amejinunulia tramadoli.

Baada ya majuma machache mikono yake inatetemeka, kinywa kimekauka, choo hakipatikani na hawezi kutulia mahali pamoja. Jamaa zake wanaona amepandwa na jini. Yeye mwenyewe anaona dawa ndizo zinazomwua. Anaziacha zote siku moja, na haupiti muda mrefu sauti zinarejea.

Hasara kubwa iko hapo. Karibu madhara yote hayo yangeweza kutabiriwa, na mengi yangepunguzwa bila ya mgonjwa kuacha tiba.

Kwa nini dawa huchanganywa

Kuchanganya dawa za akili si kosa. Mara nyingi dawa moja haitoshi. Sonona inapofuatana na kusikia sauti au kushikilia dhana zisizo na msingi, daktari huongeza dawa ya kuzuia hali hiyo, kama vile haloperidoli, risperidoni au olanzapini.

Mwenye ugonjwa wa baipola, ambao humtoa mtu katika huzuni kuu na kumpeleka katika uchangamfu uliopita mpaka, huhitaji dawa ya kumweka katikati kama lithiamu au valproati. Dawa ya sonona ikitumiwa peke yake inaweza kumrusha upande wa pili. Na aliyekosa usingizi kabisa huweza kupewa diazepamu kwa siku chache.

Tiba hizi hazina umri mkubwa. Daktari John Cade wa Australia alitangaza manufaa ya lithiamu mwaka 1949. Klopromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili nchini Ufaransa mwaka 1952, na dawa za kwanza za sonona zikafuata katika muongo huohuo. Fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987.

Hatari ya kuchanganya bila hadhari ilijulikana kwa umma mwaka 1984 mjini New York, alipofariki msichana wa miaka 18, Libby Zion, saa chache baada ya kulazwa. Alikuwa akitumia fenelzini, dawa ya sonona ya aina ya zamani, naye akadungwa pethidini. Dawa hizo mbili hazipaswi kukutana. Kifo hicho kilisababisha jimbo la New York kuweka kanuni mpya za kupunguza saa za kazi za madaktari walio mafunzoni.

Njia tatu za kugongana

Dawa hugongana kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni madhara kujumlishana. Amitriptilini hukausha kinywa na kufunga choo. Benzheksoli, ambayo hutolewa kupunguza mtetemeko unaoletwa na haloperidoli, hukausha pia. Klopromazini nayo hufanya vivyo hivyo. Dawa hizi zikitumiwa pamoja, mkojo unaweza kuzuilika, macho yakashindwa kuona vizuri, na mtu mzima wa miaka mingi akachanganyikiwa.

Fluoksetini na tramadoli, zile za mama wa Kibokoni, zote huongeza nguvu ya serotonini, kemikali inayopeleka habari katika ubongo. Ikizidi sana hugeuka sumu.

Sitalopramu, haloperidoli na methadoni, kila moja inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo zikikutana hatari huongezeka. Jambo hili ni zito kwa Pwani. Kliniki za methadoni kwa waraibu wa heroini zilianza nchini Kenya mwishoni mwa mwaka 2014, zikafika Malindi na baadaye Mombasa. Anayekunywa methadoni na kuandikiwa dawa ya sonona anapaswa kuwajulisha wahudumu wa pande zote mbili, ili aamuliwe kama anahitaji kipimo cha umeme wa moyo.

Njia ya pili ni ini, ambalo kazi yake mojawapo ni kuvunjavunja dawa. Fluoksetini huzuia baadhi ya vimeng'enya vya ini, na kwa hiyo haloperidoli, risperidoni na amitriptilini hurundikana. Kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti hakijabadilika, lakini kilichomo damuni kimezidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya mikono ya yule mama kutetemeka. Aidha, fluoksetini hubaki mwilini kwa majuma kadhaa baada ya kuachwa, na daktari anayebadilisha dawa hulazimika kuhesabu muda huo.

Kabamazepini hufanya kinyume. Huliharakisha ini, na dawa nyingine zikaisha kabla ya kufanya kazi. Hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za sonona, ya vidonge vya kupanga uzazi, na ya dolutegraviri inayotumiwa na wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Daktari akijua mapema, hubadilisha kipimo au huchagua dawa nyingine.

Njia ya tatu ni figo, nayo huihusu zaidi lithiamu. Figo huishughulikia lithiamu karibu sawa na chumvi. Maji na chumvi vikipungua mwilini, figo huishikilia lithiamu isitoke. Ibuprofeni, diklofenaki na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huleta matokeo hayohayo. Kwa kuwa kipimo cha lithiamu kinachoponya na kile kinachodhuru vimekaribiana sana, mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara.

Joto, Ramadhani na kahawa

Kisiwani Mombasa joto huwa kali zaidi mwezi wa Februari na Machi, kaskazi inapoelekea ukingoni. Katika miaka hii ya katikati ya muongo wa 2020, Ramadhani huangukia miezi hiyohiyo. Anayetumia lithiamu, akatokwa na jasho mchana kutwa bila tone la maji, anaweza kufikia kiwango cha sumu pasipo kuongeza hata kidonge kimoja. Dalili zake ni kutapika, kuharisha, kutetemeka kwa nguvu, kupepesuka na ulimi kuwa mzito.

Benzheksoli, amitriptilini na klopromazini nazo hupunguza jasho, na mwili usiotoa jasho hushindwa kujipoza.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayetaka kufunga amwone daktari majuma kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingi za sonona humezwa mara moja kwa siku, na zinaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku. Nyingine zinahitaji kupangwa upya. Ambaye afya yake haimruhusu, sheria ya dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Lililo baya kuliko yote ni kuacha dawa kimyakimya ili saumu itimie.

Kahawa tungu nayo imo katika hesabu. Kafeini huharakisha kutoka kwa lithiamu mwilini. Aliyezoea vikombe vingi kila siku akiacha ghafla, kiwango cha lithiamu hupanda. Akiongeza ghafla, hushuka. Ashike kiasi kimoja na amweleze daktari. Kahawa pia huzidisha mtetemeko na kukimbiza usingizi.

Miraa na muguka ni vichangamshi. Hupigana na dawa za kutuliza, huondoa usingizi, na vinaweza kuamsha upya sauti na dhana za hofu. Vidonge vya usingizi vinavyoitwa mitaani bugizi, vikichanganywa na pombe, heroini au methadoni, vinaweza kusimamisha pumzi. Mgonjwa anayeficha matumizi haya humfunga macho daktari wake.

Dua na kisomo havigongani na kidonge chochote. Mitishamba ni jambo jingine, kwa kuwa mingi haijulikani ina nini ndani. Aliyepewa kikombe cha mizizi amweleze daktari bila ya haya, na daktari naye amsikilize bila ya kejeli.

Yanayoweza kufanywa nyumbani

Madhara mengi ya mwanzo, kama vile kichefuchefu na kuumwa na kichwa, hupungua katika majuma mawili ya kwanza. Nafuu ya sonona yenyewe huja taratibu, kwa kawaida kati ya juma la pili na la sita. Yaani mgonjwa huonja uchungu wa dawa kabla ya utamu wake. Asiyeambiwa hivyo mapema huacha dawa wakati ilipokaribia kumfaa.

Saa ya kumeza ina maana kubwa. Fluoksetini, ambayo huweza kufukuza usingizi, hufaa asubuhi. Amitriptilini, ambayo huleta usingizi, hufaa usiku. Anayesikia kichefuchefu ameze baada ya chakula.

Kinywa kikavu kinahitaji mafunda madogo ya maji mara kwa mara na meno kusafishwa vizuri, maana ukavu huozesha meno. Choo kigumu kinahitaji maji, matunda, mboga na matembezi ya jioni jua likipoa. Anayesikia kizunguzungu aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama.

Olanzapini huongeza hamu ya kula na inaweza kupandisha sukari. Anayeitumia apime uzito kila mwezi, na mahamri ya asubuhi yawe na hesabu. Mtetemeko na kutotulia havitibiwi kwa kujiongezea benzheksoli. Pengine kinachotakiwa ni kupunguza haloperidoli, na hilo ni la daktari kuamua. Upungufu wa hamu ya tendo la ndoa, unaowafanya wengi kuacha dawa bila kusema, pia una njia zake, lakini ni lazima utajwe.

Mwanamke anayeweza kushika mimba azungumze na daktari mapema kuhusu valproati, ambayo inaweza kumletea mtoto kasoro za kuzaliwa. Asiiache mwenyewe.

Vijana wanahitaji kuangaliwa kwa karibu. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kwamba dawa za sonona zinaweza kuzidisha mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa kufikia umri wa miaka 24, hasa katika siku za mwanzo wa tiba. Jamaa wasimwache peke yake anayebadilika ghafla, nao ndio watunze dawa zake.

Dalili zisizongoja

Homa kali pamoja na misuli kukakamaa, fahamu kuvurugika, misuli kurukaruka pamoja na jasho jingi na kuharisha, kuzirai, moyo kwenda ovyo, degedege, au usingizi mzito usioamshika, yote ni mambo ya hospitali saa hiyohiyo. Sumu ya serotonini mara nyingi hutokea katika saa 24 baada ya dawa kuongezwa au kubadilishwa. Anayempeleka mgonjwa abebe na pakiti zote.

Nje ya dharura kama hizo, dawa haiachwi kwa siku moja. Kuacha ghafla huweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi, ndoto mbaya na hisia kama za kupigwa na umeme kichwani, tena ugonjwa wenyewe hurudi. Dawa hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa majuma au miezi, kwa ratiba ya daktari.

Kinga iliyo bora ni rahisi na haina gharama. Ni karatasi moja yenye jina la kila dawa, kipimo chake, saa ya kumeza, nani aliyeitoa na tangu lini, ikiwemo ya dukani na ya mitishamba. Karatasi hiyo ionyeshwe kila mahali, Port Reitz, Makadara na hata dukani, kabla ya kidonge kipya kuongezwa.

Mama wa Kibokoni hakuhitaji kuacha tiba. Alihitaji mwanawe azitie dawa zote katika mfuko mmoja, azimwage juu ya meza ya daktari au mfamasia mmoja, na kuuliza ni zipi zisizopatana. Hapo tramadoli ingebadilishwa, kipimo cha haloperidoli na cha amitriptilini kingetazamwa upya, na mikono ingeanza kutulia pasipo sauti kurejea.