Mashapo ya Ziwa: Ghala la Madini na Kumbukumbu ya Matetemeko

Mito iingiayo ziwani huchukua mchanga, udongo na chumvi. Maji yakitulia, vitu hivyo hutuama chini tabaka juu ya tabaka, na ndivyo viitwavyo mashapo. Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hukaribia mita 1,470, lina mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa chini ya maji hayo. Msomaji aweza kuuliza: kwa nini ziwa halijajaa tope kwa muda wote huo wa mamilioni ya miaka?

Halijajaa kwa sababu sakafu yake yenyewe inazama. Katika Bonde la Ufa gamba la dunia linavutwa pande mbili, milimita chache tu kwa mwaka. Gamba hupasuka na kipande cha katikati hudidimia, na mara nyingi mdidimio huja kwa ghafula, nayo ardhi ikatetemeka. Kwa hiyo wanaodhani kwamba uzito wa tope ndio uletao matetemeko ya bonde hili wamegeuza mambo: matetemeko ndiyo yanayolichimbia tope shimo lake.

Nyufa hizo hizo huleta madini. Maziwa ya Natron na Magadi hayana mto utokao. Chemchemi za moto hupanda katika nyufa zikibeba chumvi zilizoyeyushwa kutoka miamba ya volkano. Jua hukausha maji, na magadi hubaki. Magadi ya Kenya yamechimbwa tangu miaka ya 1910. Na ardhi ya huko haijatulia: Julai 2007 matetemeko mengi yalitokea karibu na mlima Gelai, kando ya Natron, kubwa likiwa la kipimo cha 5.9. Fosfati ya Minjingu ina asili tofauti kidogo. Zamani Ziwa Manyara lilikuwa pana zaidi, na minandi na ndege wengine walao samaki waliishi hapo kwa wingi. Kinyesi chao na mifupa vilichanganyika na mashapo, na leo wakulima huvitumia kama mbolea.

Faida nyingine ya mashapo haiuzwi sokoni. Tetemeko kubwa likitikisa ziwa, tope la miteremkoni huporomoka hadi kilindini. Mchanga mzito hutangulia kutuama, tope laini hufuata, na tabaka nene hubaki kati ya tabaka nyembamba za kawaida. Wataalamu hushindilia bomba refu sakafuni, hutoa mhimili wa tope na kupima umri wa mabaki ya mimea yaliyomo kwa njia ya kaboni. Kazi hii yataka hadhari, maana mafuriko nayo huacha tabaka inayofanana. Tabaka ya umri mmoja ikionekana katika sehemu nyingi za ziwa zilizo mbalimbali, dhana ya tetemeko hupata nguvu.

Haja ya ushahidi huo ni kubwa. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la kipimo cha 7.4 hivi lilipiga eneo la Rukwa, mojawapo ya makubwa kabisa ya Afrika katika karne hiyo. Vyombo vya kupimia vina umri wa zaidi kidogo ya karne moja, ilhali ufa mmoja waweza kulala maelfu ya miaka. Tena, mashapo malegevu hukuza mtikisiko kuliko mwamba, na mchanga ulioshiba maji waweza kugeuka kama uji chini ya msingi wa nyumba. Mji unaopanuka kuelekea ufukweni au juu ya sakafu ya ziwa la kale unahitaji kwanza kujua unene wa mashapo yaliyo chini yake.