Utando wa Chembe ya Damu na Homa ya Ndalu



Tulifika Ndalu, katika Tongaren ya Bungoma, njia ya kuendea Kitale, kumzuru ndugu yetu wa pwani aliyehamia huko kwa biashara ya mahindi na kuoa huko huko. Tulimkuta mkewe amempakata mtoto wa miaka minne. Siku chache kabla yake mtoto huyo alishikwa na degedege la malaria usiku wa manane, akakimbizwa hospitali, na sasa, Alhamdulillahi, ameanza kunywa uji. Homa ilipoanza, baba yake aliipuuza siku nzima. Alisema damu ya watu wa pwani imeizoea malaria, itapita yenyewe.

Mama alituuliza: “Sheikh, watoto wangu wawili hulala kitanda kimoja, ndani ya chandarua kimoja kilichotoboka. Mbu huwauma wote. Mbona huyu nusura afe, na mwenziwe hata kuumwa kichwa hakuumwa?”

Sababu ni nyingi, na si kila mbu aumaye huwa amebeba kijidudu cha malaria. Lakini ipo sababu moja iliyochunguzwa huku kwetu Kilifi, nayo imo katika utando wa chembe ya damu.

Kila chembe hai ya mwili imezungukwa na utando wa mafuta. Chembe nyekundu ya damu ni ndogo hata jicho haliioni, na utando wake ni mwembamba mno: laiti tungepanga tando elfu moja, moja juu ya nyengine, unene wake ungekaribia upana wa chembe moja tu. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, waliyatoa mafuta ya chembe hizo wakayatandaza juu ya maji. Waliona yanafunika eneo lipatalo mara mbili ya uso wa chembe zenyewe, wakafahamu kwamba utando una safu mbili. Kila punje ya mafuta hayo ina kichwa kipendacho maji na mikia iyakimbiayo, kama samli iukimbiavyo mchuzi. Vichwa hutazama nje na ndani penye maji, na mikia hujificha katikati. Baina ya mafuta zimesimama protini, nyengine zikiwa milango ya chumvi, maji na sukari, nyengine zikiwa alama za kundi la damu. Sisi tuliosoma madrasa twalijua neno barzakh katika Surat Rahman, kizuizi baina ya bahari mbili. Hatusemi kwamba aya ile ilishuka kueleza chembe za damu. Wapo wapendao kusema hivyo, nasi hatuwafuati. Neno tu ndilo lililotujia.

Utando huo sharti uwe laini. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na hupita katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, ikijikunja na kujinyoosha. Ulaini huo ndio ambao kijidudu cha malaria huutumia. Hujibandika juu ya chembe, huubonyeza utando, kisha hujisukuma ndani, yote hayo kwa muda usiotimia dakika moja.

Huko Kilifi wapo watu wenye kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo ni nadra sana sehemu nyingi za dunia. Karibu mtu mmoja katika kila kumi amerithi Dantu kwa mzazi mmoja, na mmoja katika mia kwa wazazi wote wawili. Mwaka 2020 Dkt. Silvia Kariuki wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, pamoja na wenzake wa Kilifi na Uingereza, walitangaza matokeo ya kuchunguza damu ya watoto 42 wa Kilifi. Waliona kwamba chembe za Dantu zina utando uliokazika zaidi, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Kijidudu hujibandika, husukuma, na mara nyingi hushindwa kuingia.

Ndugu yetu aliposikia hayo uso ulimng’aa. “Basi sikukosea! Damu ya pwani!”

Tulimkatiza. Kwa hesabu hiyo hiyo, karibu watu tisa katika kumi wa Kilifi hawana Dantu, na aliye nayo hupunguziwa hatari tu, haondolewi. Kuizoea malaria nako ni jambo jengine: ni kinga aipatayo mtu kwa kuugua mara nyingi, nayo hufifia, na mtoto wa miaka minne hajawahi kuikamilisha. Tena, mwanawe amezaliwa Bungoma, kaunti iliyomo katika ukanda wa magharibi wenye malaria nyingi, ambako chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto tangu 2019. Mtoto akipata homa, hapana awezaye kuutazama utando wa damu yake kwa macho. Hupelekwa apimwe siku ile ile.

Alinyamaza. Mkewe hakusema neno. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kile chandarua na kukiweka mapajani mwa mumewe, pamoja na sindano na uzi. Tulipotoka kwenda kutia udhu wa magharibi, alikuwa ameziba matundu matatu, akitafuta la nne.