Je, Kilimanjaro ilikuwa zawadi ya Malkia Victoria? Mjibu mwanao hivi

Mtoto anayekulia Moshi ataisikia tu, iwe kwa babu, kwa rafiki shuleni au kwa waongoza wageni wanaopanda njia ya Marangu. Eti Malkia Victoria wa Uingereza, aliyekuwa pia Malkia Mkuu wa India, alikuwa na milima miwili yenye theluji huku Afrika. Mjukuu wake Wilhelm, Kaiser wa Ujerumani, hakuwa na hata mmoja. Akalalamika, bibi akamwonea huruma, akampa Kilimanjaro siku yake ya kuzaliwa.

Na ushahidi upo, au unaonekana kuwapo. Fungua ramani kwenye simu, mwonyeshe mtoto mpaka wa Tanzania na Kenya. Unatoka Bahari ya Hindi, unanyooka kuelekea Ziwa Victoria, ila ukifika Kilimanjaro unapinda, unauacha mlima wote upande wetu.

Tatizo ni tarehe. Mpaka huo ulipatanwa na Uingereza na Ujerumani mwishoni mwa 1886. Wilhelm wa hadithi, aliyezaliwa Januari 27, 1859, alikuja kuwa Kaiser Juni 1888. Mwaka 1886 aliyekalia kiti ni babu yake, Wilhelm wa Kwanza. Victoria mwenyewe, mzaliwa wa London, hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki.

Sasa mpindo ulitoka wapi? Hapa ndipo mtoto anapaswa kulisikia jina la Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Kituo cha kwanza cha wapanda mlima njia ya Marangu kina jina hilo hadi leo. Mwaka 1885 Lloyd Mathews alifika kwa niaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, na Rindi akaikubali bendera ya Sultani. Wiki chache baadaye akaja Mjerumani Jühlke, mtu wa Carl Peters, na Rindi akakubaliana naye pia. Hakuwa mjinga, mzee yule: alikuwa na uhasama mkali na Mangi Sina wa Kibosho, na kila mgeni alikuwa mshirika anayewezekana. Waingereza nao walikuwa na mkataba wa Harry Johnston kule Taveta. Basi Taveta ikabaki kwao pamoja na Mombasa, Moshi ikaenda kwa Wajerumani, mstari ukapindishwa katikati.

Mwaka 1889 Rindi alituma wajumbe wake hadi Berlin, nao wakarudi na zawadi za Kaiser. Zawadi hizo ni za kweli, ila hadithi ya bibi na mjukuu haizitaji, wala haimtaji Mchaga hata mmoja.

Haimtaji pia Meli, mwana wa Rindi aliyerithi umangi mwaka 1891. Juni 1892 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani, na kamanda wao von Bülow akafa vitani. Wakarudi na nguvu kubwa zaidi mwaka 1893, wakamshinda. Machi 2, 1900 walimnyonga Old Moshi pamoja na wenzake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi.

Old Moshi si mbali kutoka mjini. Jumamosi moja mpeleke mwanao akaone mahali Meli aliponyongwa.