Probayotiki: si kila kilichochacha

Vidonge vya probayotiki sasa vimejaa kwenye maduka ya dawa, na bei yake si ndogo. Kabla ya kufungua pochi, jua unachonunua.

Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani waliweka masharti: vijidudu viwe hai, viwe vya kutosha, na faida yake kwa afya iwe imethibitishwa. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda ili ukae muda mrefu dukani huanguka kwenye sharti la kwanza. Protini na kalisi zimo, ila bakteria wake wamekufa.

Sharti la mwisho ndilo husahaulika. Bakteria aliyepimwa zaidi, Lactobacillus rhamnosus GG, alipatikana kwenye utumbo wa mtu mwenye afya, na GG ni herufi za watafiti wake, Gorbach na Goldin. Bakteria huyo hupunguza uwezekano wa mtoto anayetumia antibayotiki kuharisha. Hamira iitwayo Saccharomyces boulardii nayo husaidia, tena antibayotiki haiiui, kwa kuwa dawa hizo hulenga bakteria. Lakini matokeo ya GG hayawezi kupewa rhamnosus mwingine yeyote, hata kama wanafanana jina.

Si lazima faida hiyo itoke kwenye kidonge. Nchini Uganda, wasindikaji wadogo hugandisha maziwa kwa kimelea cha kuchachushia kiitwacho Yoba, chenye bakteria yuleyule wa GG. Maziwa huchemshwa, yakapoozwa hadi nyuzi kama 45, yakatiwa kimelea, kisha yakafunikwa yasipoteze joto. Gramu 1 hutosha lita 100. Bakteria huyo peke yake hawezi kutumia sukari ya maziwa, hivyo huchanganywa na mwenzake, Streptococcus thermophilus, anayeivunja ili wote wale. Uvunjaji huo ndio huwafaa pia watu ambao maziwa yasiyogandishwa huwajaza gesi: wengi wao hunywa mtindi wenye bakteria hai bila shida.

Togwa ina faida ya namna nyingine. Kimea hulainisha uji, bakteria huutia ukali, na asidi hiyo huzuia vijidudu vingi vya kuharisha visizaliane humo. Hiyo ni kazi nzuri, hata bila kuitwa probayotiki.

Mtoto akiharisha, mpe kwanza ORS na zinki. Probayotiki haichukui nafasi ya hivyo viwili. Watoto njiti na wagonjwa ambao kinga yao imeshuka sana wasipewe bila daktari kuamua, kwani kwao kijidudu hai kinaweza kuingia kwenye damu.

Ukinunua chupa, tafuta jina kamili pamoja na herufi za mwisho, idadi ya vijidudu hai hadi siku ya kuisha muda, na namna ya kuhifadhi. Lebo isiyotaja hayo irudishe rafuni.