Wasandawe na utandawazi

Wasandawe ni kabila dogo la Tanzania wanaoishi hasa katika wilaya ya Chemba, mkoa wa Dodoma, kati ya mito ya Bubu na Mponde. Lugha yao ina sauti za vidoko, wala haihusiani na lugha za Kibantu za majirani zao. Zamani waliwinda, walichimba mizizi na kurina asali. Kilimo na ufugaji vilifuata baadaye.

Kujumuika kwao katika taifa kumepitia Kiswahili, lugha ya kufundishia shule za msingi tangu mwaka 1967. Faida yake si ndogo: kijana wa Kwa Mtoro akifika Dodoma mjini au Dar es Salaam hahitaji mkalimani. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati imefupisha safari hiyo, na ufuta wa nyanda hizi huuzwa hadi Asia.

Lakini Kisandawe chenyewe hakifundishwi shuleni, na simu ya mkononi haikijui. Ajabu ni kwamba ng'ambo kinasomwa. Mjerumani Otto Dempwolff alichapisha kitabu kuhusu Wasandawe mwaka 1916, na sarufi na kamusi zilizofuata zimeandikwa hasa kwa Kiingereza, lugha ambayo wazee wanaokijua vizuri Kisandawe wengi wao hawaisomi.