Kukimbia Wakati wa Joto na Wakati wa Baridi: Tofauti Unazopaswa Kujua

Na Daktari Wetu, Rodi Kopany

Sisi hatuna majira manne kama watu wa Ulaya, lakini kila mkimbiaji anajua kwamba Januari si Julai. Hapa Rodi Kopany, kwenye njia panda ya kwenda Homa Bay, Rongo na Ndhiwa, joto la mchana wa Januari na Februari hupita nyuzi 30. Nairobi nayo, alfajiri ya Julai, inaweza kushuka hadi nyuzi 12 hivi. Wengi wenu mnaokimbia huko jijini mkija nyumbani kwa sikukuu za Desemba hufunga raba zenu na kutoka kwa kasi ile ile mliyoizoea. Hapo ndipo taabu huanza.

Tuanze na mwili wenyewe. Misuli inapofanya kazi, karibu robo tu ya nguvu inayotumia, au chini ya hapo, ndiyo inayokusukuma mbele. Iliyobaki hugeuka joto. Kwa hiyo mkimbiaji ni kama jiko, na kila anapoongeza mwendo ndivyo anavyozidi kuwaka. Wakati wa baridi hilo halina shida kubwa, kwa sababu hewa inayokupiga mwilini hulibeba joto hilo. Wakati wa joto, damu hutakiwa mahali pawili kwa pamoja: miguuni, ipeleke hewa safi kwa misuli, na kwenye ngozi, ikatoe joto nje. Moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ingawa mwendo wako haujabadilika.

Msaada mwingine ni jasho. Lakini jasho hupoza mwili linapokauka, si linapodondoka chini. Ndiyo maana mkazi wa Mombasa, ambako hewa imejaa unyevu, anaweza kulowa chapachapa na bado asipoe.

Hata mabingwa hawaepuki jambo hili. Desemba 2020, majira ya baridi huko Ulaya, Peres Jepchirchir alishinda marathoni ya Valencia, Hispania, kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 16. Miezi minane baadaye, Agosti 7, 2021, alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Sapporo, Japani, kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 20. Mbio hizo zilikuwa zimehamishwa kutoka Tokyo kwa kuhofia joto, kisha zikaanzishwa saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa moja. Ni kweli kwamba kwenye Olimpiki mtu hukimbilia medali, si muda. Hata hivyo, joto lilikuwa na sehemu yake katika dakika hizo kumi. Ikiwa bingwa wa dunia nzima alipunguza mwendo, wewe na mimi tuna sababu gani ya kukataa?

Basi ukitoka kwenye baridi na kuja kwenye joto, ujipe siku 10 hadi 14 za kuzoea. Anza na dakika 20 au 30 za mwendo mwepesi, alfajiri au jua linapotua, kisha uongeze kidogo kidogo. Katika siku hizo mwili hujifunza kutoa jasho mapema, jasho lenye chumvi kidogo, na maji ndani ya damu huongezeka. Kama ulizoea kukimbia kilomita moja kwa dakika 6, usione haya kutumia dakika 7. Ukirudi kwenye baridi kwa wiki tatu au nne, sehemu kubwa ya mazoea hayo hupotea, nawe utalazimika kuanza upya.

Kuhusu maji, kunywa kabla ya kutoka, na ukiwa njiani kunywa kwa kiu. Jipime uzani kabla na baada ya kukimbia. Kila kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji uliyopoteza. Ukiona uzani umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi, na hiyo nayo ni hatari: maji mengi mno huzimua chumvi ya damu, na mtu anaweza kuchanganyikiwa au hata kuzirai.

Baridi nayo ina mambo yake, ingawa ni madogo. Misuli huchelewa kupata moto, kwa hiyo tembea haraka dakika 10 kabla ya kuanza kukimbia. Hewa baridi na kavu inaweza kuamsha pumu. Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta. Kiu hupungua, na wengi husahau kunywa ingawa wanatoka jasho chini ya jaketi. Na asubuhi za Julai zikiwa na giza na ukungu, vaa nguo nyeupe ili dereva akuone.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ningependa ulikate na kulibandika ukutani. Mtu akikimbia juani kisha akaanza kupepesuka, kusema maneno yasiyoeleweka, kufoka bila sababu au kuanguka, huenda joto la mwili wake limepita nyuzi 40. Huu ni ugonjwa wa joto kali, na unaweza kuua. Usidanganywe na ngozi yenye jasho. Mkimbiaji anaweza kuwa amelowa na bado hali yake ni mbaya.

Katika kaunti hizi za ziwani, mwili ukiwaka moto na mtu akaweweseka, sote hufikiria malaria. Watu hutafuta parasetamoli na bodaboda ya kumkimbiza hospitalini. Lakini malaria haifanyi kazi namna hii. Katika malaria, ubongo wenyewe hupandisha kipimo cha joto, na dawa hukishusha. Kwa mkimbiaji huyu kipimo hakijapanda. Mwili umeshindwa tu na joto. Parasetamoli haitamsaidia, na inaweza kuliumiza ini ambalo tayari limeelemewa.

Kanuni ni moja: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Mpeleke kivulini, mvue nguo za ziada, mkalishe ndani ya pipa au beseni kubwa la maji baridi, kichwa kikiwa juu na mtu akimshikilia. Kama hakuna beseni, mmwagieni maji mfululizo huku mkimpepea, na mumwekee barafu shingoni na kwapani. Asiyejitambua msimnyweshe chochote, mlazeni ubavu. Wakati huo mwingine atafute gari. Nusu saa ya kwanza ndiyo huamua mengi. Malaria itapimwa hospitalini.

Walimu wa michezo wasikie hili zaidi, hasa riadha zinapofanywa muhula wa kwanza, jua likiwa kali. Ukanda wetu una watu wengi wenye chembe ya urithi ya selimundu. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huwa mzima na anaweza kukimbia, lakini akilazimishwa kwa nguvu juani bila mapumziko wala maji, anaweza kuanguka. Mtoto akisema misuli inamuuma au amechoka, asiitwe mvivu. Apumzishwe.

Wanaotumia dawa za presha zinazokojoza, au dawa za mafua zinazoleta usingizi, wamwulize daktari kabla ya kukimbia kwenye joto. Wasiache dawa kwa uamuzi wao. Na mwenye homa, ya malaria au nyingine, asikimbie hata hatua moja mpaka apone.

Kimbia, msomaji wangu, maana mbio ni dawa. Ila dawa hii, kama nyingine zote, ina kipimo chake, na kipimo cha Julai si cha Januari.