Kuuza kwa simu Bujumbura: chagua mstari wako kwanza

SIKU hizi ukipita Buyenzi, Bwiza au Kamenge, ni nadra kumaliza mtaa mzima bila kumwona kijana ameinamia simu, anapiga picha viatu, mikoba au doti ya kanga iliyotandikwa juu ya mkeka. Picha ikishapigwa hurushwa WhatsApp au Facebook, chini yake bei na namba ya simu, na mwenye mali huketi kusubiri. Miongoni mwa wanaoingia katika biashara hii wamo ndugu zetu waliorudi kutoka Nyarugusu, Nduta na kwingineko, pamoja na akina mama wanaovuka Gatumba, Mugina na Kobero na mizigo yao.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watu hawa ni moja: niuze nini? Na mara nyingi anayeuliza tayari ana jibu lake mfukoni, nalo ni kwamba atauza kila kitu. Leo viatu, kesho mafuta ya kujipaka, keshokutwa dagaa. Kwa maoni yangu jibu hilo ndilo linalomaliza mitaji ya watu, na mtaji wenyewe mara nyingi ni zile pesa chache alizorudi nazo kutoka kambini, ambazo zikiisha hakuna nyingine.

Tuseme mtu ana faranga 600,000. Akizigawa kwenye vitu sita, kila kimoja kinapata 100,000. Viatu vya watoto kwa pesa hiyo ni jozi chache, tena namba hazilingani. Mama anayetaka namba 28 anakuta 25 na 31. Vitenge ni vichache na havina rangi anayoitaka mteja. Chaja za simu ni za aina moja. Mteja akiuliza mara mbili akajibiwa kwamba hakuna, mara ya tatu haulizi. Mfanyabiashara huyo ana maduka sita mfukoni, na yote sita yamepungukiwa.

Soko lilituchagulia

Wenye umri wa kukumbuka wanalijua soko kuu la Bujumbura, lile lililoteketea kwa moto Januari 27, 2013. Lilikuwa na mpangilio wake. Vitenge vilikuwa na upande wao, maharage upande wao, vyombo upande wao. Mgeni katika biashara hakuhitaji kujitangaza sana. Akipata meza katika mstari wa vitenge, tayari kila aliyepita pale alikuwa amekuja kutafuta vitenge. Kazi yake ilikuwa kumshinda jirani kwa bei au kwa maneno matamu.

Baada ya moto ule wafanyabiashara walitawanyika. Wengine walikwenda Ruvumera, wengine Kamenge, wengine Kinama, wengine katika soko ambalo watu huliita kwa Siyoni. Wapo waliobaki na wateja wao kwa sababu moja tu: walikuwa na namba zao za simu, na wateja walikuwa wanakumbuka fulani anauza nini.

Mpenzi msomaji, hapo ndipo ilipo siri ya kuuza kwa intaneti. Kwenye simu hakuna mstari wa vitenge. Picha yako inapita kati ya picha ya harusi, tangazo la msiba na utani wa mpira. Hakuna anayepita pale kwa nia ya kununua kitu chako. Kwa hiyo jina lako lenyewe inabidi ligeuke kuwa mstari. Mtu akihitaji kanga, jina lako limjie kabla hajafungua simu. Hilo haliwezekani ikiwa jana aliona unauza vitunguu.

Hata wakubwa walianza hivyo. Jeff Bezos alipoanzisha Amazon nchini Marekani mwaka 1994 alikuwa na orodha ya bidhaa kama 20, akachagua vitabu. Hakuvichagua kwa mapenzi tu. Kitabu hakiozi, hakina namba ya mguu, na nakala unayoiona Seattle ni ileile ya New York, hivyo mnunuzi hahitaji kuishika kwanza. Tena vitabu ni vya aina nyingi mno kiasi kwamba hakuna duka linaloweza kuviweka vyote rafuni. Mengine yote tunayoyaona Amazon leo yalifuata baadaye.

Kwetu Afrika Mashariki waliojaribu kuuza kila kitu tangu mwanzo hawakuwa na safari nyepesi. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Copia ya Kenya, iliyokuwa ikifikisha bidhaa za nyumbani hadi vijijini kupitia mawakala, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi Mei 2024. Sisemi kwamba ziliyumba kwa sababu hiyo peke yake, maana gharama za usafirishaji na wawekezaji kuchoka navyo vina sehemu yake. Lakini hizo zilikuwa kampuni zenye mamilioni ya dola. Wewe una faranga laki sita.

Kanga, dagaa na kitenge

Nimekuwa nikizunguka Ruvumera na Buyenzi nikiulizia vitu vitatu ambavyo wenzetu wa mpakani huvipenda, na kila kimoja kina hadithi yake.

Dagaa, au ndagala kama tunavyowaita hapa, ndio kitu cha kwanza kinachomjia mtu aliyekaa Kigoma. Kila nyumba inakula dagaa. Tatizo ni kwamba wavuvi wa Tanganyika huwavuta kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwa kamili taa hazifanyi kazi vizuri, kwa hiyo kila mwezi kuna siku za ukame. Juu ya hilo kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Mtu aliyejijengea jina la muuza dagaa kwa simu halafu akakaa miezi mitatu bila dagaa, wateja wake watakuwa wamempata mwingine. Anayetaka dagaa basi aanze na stoo, akaushe vizuri, aweke akiba ya kumvusha miezi hiyo. Bila stoo naona hiyo ni biashara ya mtu aliyekaa sokoni, si ya mtu wa simu.

Kitenge kinapendeza kwenye picha kuliko kitu kingine chochote, na hapo ndipo kinapodanganya. Picha haioneshi kama rangi itachuja. Haioneshi uzito wa kitambaa. Vlisco ya Uholanzi imekuwa ikitengeneza vitambaa hivi tangu 1846, na nakala zake kutoka Asia zinafanana nazo kwenye simu kama mapacha. Mama wa Bujumbura anajua hilo, ndiyo maana atakuambia umletee aguse kwanza. Ukimpelekea mara nne akaguse, faida imeishia barabarani. Hata hivyo, ukiwa mtu wa kukijua kitambaa kwa kukipapasa, na wateja wakathibitisha mara mbili tatu kwamba unachosema ndicho kinachofika, ujuzi wako unakuwa ndiyo biashara yenyewe.

Kanga ndiyo iliyonivutia zaidi. Inauzwa doti, haina namba, haivunjiki, haiozi, na begi moja linabeba nyingi. Tena ina jina lililoandikwa chini, na jina hilo linasomeka vizuri kwenye picha. Mnunuzi anachagua maneno kama anavyochagua rangi, na pengine zaidi. Katika mji ambao Buyenzi nzima inaongea Kiswahili, na ambao maelfu ya familia wamerudi wakitokea Tanzania, wateja wa kusoma maneno hayo wapo. Mwenye kujua jina gani linampendeza mama mkwe na jina gani linazua ugomvi na jirani ana kitu ambacho tajiri wa jumla hana.

Usinielewe vibaya, sisemi kila mtu akauze kanga. Tukiuza kanga wote tutarudi palepale. Ninachosema ni kwamba kila kitu kipimwe hivyo: je, nitakipata tena wiki ijayo? Je, mnunuzi ataniamini bila kukigusa? Na je, mimi nakijua kuliko jirani yangu?

Swali hilo la tatu ndilo linalompa aliyerudi nguvu ambayo mara nyingi haioni. Mtu aliyekaa Kasulu au Kibondo miaka kumi anajua nani anauza nini kule kwa bei ya jumla, na bado ana namba zao. Waliotoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu mwaka 2008, watoto wa wale waliokimbia 1972, walifika na watoto waliosoma kwa Kiswahili wakakuta shule zinafundisha kwa Kirundi na Kifaransa. Familia nyingi zilihangaika na lugha. Wapo watu leo wanaofundisha Kifaransa kwa njia ya Kiswahili, na somo la sauti linatumwa WhatsApp bila kuvuka forodha yoyote. Huo nao ni mstari, na hauhitaji stoo.

Mzigo na mpaka

Kabla ya kutoa faranga hata moja, angalia kitu kitafikaje. Machi 2022 serikali iliondoa pikipiki, bajaji na baiskeli katikati ya mji wa Bujumbura. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni nao umepandisha nauli kiasi kwamba mzigo wa bei ndogo haubebeki. Ndiyo sababu wengine wamechagua mtaa kabla ya kuchagua bidhaa: wanauza kwa watu wa Kinama peke yao, au Kamenge peke yao, na mzigo unatembea kwa miguu. Mimi naona hilo ni jambo la busara kuliko kujitangaza nchi nzima halafu ukashindwa kufika Kanyosha.

Kwa wanaovuka mpaka, kuna jambo wengi hawalifuatilii. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliotengenezwa au kuzalishwa ndani ya nchi wanachama na ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine na vibali vya afya vinabaki palepale. Sasa angalia jinsi hili linavyogusa uchaguzi wako. Kanga iliyotengenezwa Tanzania inaweza kuingia katika utaratibu huo. Kitenge cha China kilichonunuliwa Kariakoo hakiwezi, hata kama risiti ni ya Dar es Salaam. Wawili wanaweza kuvuka Kobero siku moja na mabegi yanayofanana, mmoja akabaki na faida na mwingine akaiacha mezani.

Mpaka nao hufungwa. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, na waliokuwa wametegemea njia hiyo peke yake walijikuta hawana mali. Ukichagua kitu, uliza kama kinapatikana kwa njia ya pili, hata ikiwa ghali kidogo.

Kujaribu bila kununua

Njia niliyoiona Buyenzi, na ambayo naipenda kwa unyenyekevu wake, ni ya mali kauli. Unakwenda kwa mwenye duka anayekufahamu, mnakubaliana, unapiga picha vitu vyake vitano vya aina moja, unaviweka kwenye simu yako wiki mbili. Ukipata mteja unachukua kitu, unauza, unamlipa mwenye mali, unabaki na cha juu. Hujatoa mtaji.

Katika wiki hizo mbili usihesabu wanaosifia picha. Usihesabu hata wanaouliza bei, maana kuuliza bei ni bure. Hesabu waliolipa, kwa Lumicash, kwa EcoCash au kwa noti mkononi, kisha hesabu waliorudi mara ya pili. Watu watatu waliorudi wanakuambia mengi kuliko mia moja walioweka alama ya moyo. Kama hakuna aliyelipa, badilisha kitu, na huna deni.

Na jihadhari na wale wanaokuja na bidhaa iliyokwisha kuchaguliwa kwa ajili yako, ambapo faida haitoki kwa mnunuzi bali kwa watu utakaowaingiza chini yako. Waliokuwa Tanzania mwaka 2009 wanaikumbuka DECI na mbegu zake za kupandwa na kuvunwa. Siku hizi mbegu hizo zinakuja kwa WhatsApp.

Jambo la mwisho ni la bei. Kwa jinsi faranga inavyopanda na kushuka dhidi ya dola na shilingi kwa wabadilishaji wa mtaani, picha yenye bei ya wiki tatu zilizopita ni ugomvi unaosubiri mteja. Wauzaji wazoefu wa Ruvumera huandika tarehe pembeni ya bei, na Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua mzigo, hufuta zote na kupiga upya.